Mchoraji wa kuta aliyefungua duka

Ndugu msikilizaji, neno "popu" kwetu tumezoea kulisikia katika muziki. Wiki hii tulisikie katika picha. Nataka tumzungumzie kijana mmoja wa Kimarekani aliyeanza kwa kuchora na chaki katika vituo vya treni za chini ya ardhi jijini New York, akakamatwa na askari mara kadhaa, na kabla miaka mitano haijaisha picha zake zikawa zinagombewa na matajiri wa Ulaya, Marekani na Japani. Huyo ni Keith Haring. Alifariki dunia tarehe 16 Februari 1990, akiwa na umri wa miaka 31, kwa ugonjwa wa Ukimwi.

Nimemchagua kwa sababu ya barua zenu. Tulipozungumzia vijana wanaochora kuta na magari ya abiria, barua mlizoniletea ziligawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lilitaka vijana hao wakamatwe. Kundi la pili lilitaka walipwe. Ugomvi huo sitauamua mimi, lakini upo mji mmoja ambako mambo yote mawili yalifanyika kwa wakati mmoja, tena wakati mwingine kwa mtu yule yule, na si vibaya tukaangalia yaliyotokea huko.

New York ya miaka ya 1970 haikuwa ile tunayoiona katika kalenda za ukutani. Mwaka 1975 jiji lile nusura lifilisike. Wafanyakazi walipunguzwa kazini kwa maelfu, majengo ya mtaa wa Bronx yaliungua na kuachwa magofu, treni ziliharibika njiani na abiria wakaachwa gizani. Katika hali hiyo watoto wa mitaa ya kimaskini, wengi wao weusi na wa asili ya Puerto Rico, walianza kuandika majina yao kila mahali. Mmoja wa waliotangulia alikuwa tarishi mwenye asili ya Kigiriki aliyejiita TAKI 183, hiyo 183 ikiwa ni namba ya mtaa aliokaa. Alipokuwa akipeleka bahasha za watu huku na huko, aliandika jina lake ukutani, kwenye nguzo, ndani ya behewa. Tarehe 21 Julai 1971 gazeti la New York Times liliandika habari zake, na baada ya hapo kila kijana akatamani naye jina lake lisomwe na watu asiowajua.

Majina madogo yakawa makubwa. Makubwa yakaota rangi, vivuli na mishale. Mwishoni mwa muongo ule kijana aliweza kuingia usiku katika yadi ya treni na makopo ya rangi ya kupuliza, asubuhi behewa zima likatoka limebadilika kabisa, likapita juu ya mitaa ya Bronx na Brooklyn kama bango la tangazo. Tofauti ni kwamba bango lile halikuuza kitu chochote. Lilisema tu kwamba fulani yupo. Wakuu wa jiji hawakulipenda. Mwaka 1972 ilipitishwa sheria dhidi ya makopo ya rangi katika majengo ya umma, na mwaka 1981, wakati wa Meya Ed Koch, yadi za treni zilianza kuzungushiwa uzio wa nyaya zenye wembe, na mbwa wakali wakaachwa wazunguke ndani ya uzio huo.

Sasa hapa kuna jambo moja ambalo wengi hulisahau. Vijana hawa walikuwa wakiitazama sanaa ya popu muda mrefu kabla wauza sanaa hawajawatazama wao. Sanaa ya popu, kwa wale wasioifahamu, ni ile iliyochukua vitu vya dukani na magazetini na kuvipa heshima ya picha. Andy Warhol alionyesha mwaka 1962 picha 32 za makopo ya supu ya Campbell's, kila kopo na ladha yake. Mwaka 1980 kijana mweusi wa Brooklyn, Fred Brathwaite, maarufu kwa jina la Fab 5 Freddy, alizipaka supu hizo hizo ubavuni mwa behewa la treni, kopo baada ya kopo, behewa zima. Yaani kopo lilitoka dukani likaingia jumba la sanaa, kisha likatolewa jumba la sanaa na kurudishwa kwa watu wanaokwenda kazini. Mimi nikiambiwa nichague picha moja tu ya kueleza kisa hiki chote, nitaichagua hiyo, na wala si ya Haring.

Haring mwenyewe hakuwa mtoto wa mitaa ile. Alizaliwa tarehe 4 Mei 1958 huko Reading, katika jimbo la Pennsylvania, akakulia katika mji mdogo wa Kutztown. Baba yake alikuwa hodari wa kuchora vikatuni na ndiye aliyemfundisha mwanawe kushika kalamu. Mtoto alikua akivipenda vikatuni vya Walt Disney. Alipomaliza shule alipelekwa chuo cha sanaa ya matangazo ya biashara huko Pittsburgh, akakiacha kabla hajamaliza kwa kuwa aliona hataki kutumia maisha yake kuchora matangazo. Mwaka 1978 akaingia New York, katika chuo kiitwacho School of Visual Arts. Huko alikutana na Kenny Scharf, na akamfahamu Jean-Michel Basquiat, kijana wa Brooklyn ambaye baba yake alitoka Haiti. Basquiat na mwenzake Al Diaz walikuwa wakiandika kuta za Manhattan ya chini mafumbo mafupi na kuyatia saini ya SAMO.

Haring aliziona treni zile zilizopakwa rangi akazishangaa. Lakini alijua pia, na hili namsifu, kwamba yeye ni mgeni katika mchezo wa wengine. Hakujaribu kuandika jina kwa mitindo yao. Alibuni alama zake mwenyewe: mtoto anayetambaa huku mwili wake ukitoa miale, na mbwa anayebweka mwenye kichwa cha mraba. Alipochora alijihadhari asifunike majina ya waliomtangulia.

Halafu, mwaka 1980, akaiona karatasi nyeusi.

Katika vituo vya treni kulikuwa na fremu za matangazo. Muda wa tangazo ukiisha na mteja mwingine hajapatikana, kampuni ilibandika juu yake karatasi nyeusi isiyong'aa. Haring alipoiona akapanda ngazi mpaka barabarani, akaingia duka la kadi, akanunua chaki nyeupe, akarudi chini akachora. Kwa miaka mitano iliyofuata hiyo ndiyo ilikuwa karakana yake. Siku nyingine alichora picha hata 40, akishuka kituo hiki na kupanda treni kwenda kingine. Chaki haifutiki vizuri kwenye karatasi ile, kwa hiyo akikosea hakuna kurudi nyuma; mstari ukishaanza lazima uende mpaka mwisho. Na alikuwa na dakika chache tu kabla ya askari kutokea. Wale wanaosema picha zake ni rahisi mno, kama za mtoto, wakumbuke mazingira hayo. Mstari ule mmoja mnene, usio na kivuli wala mapambo, ulizaliwa na haraka pamoja na hofu ya pingu.

Mtu aliyezoea mashetani wa George Lilanga, yule Mmakonde wa Masasi aliyefanya kazi Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, akiona watu wa Haring wanaocheza na kurukiana atadhani ni ndugu wa ukoo mmoja. Nimewahi kuulizwa ni nani aliyemwiga mwenzake. Kufanana peke yake si ushahidi wa kuigana, na Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, ana heshima ya kumtosha bila kuhitaji cheti kutoka New York. Tuendelee.

Abiria waliokuwa wakisubiri treni walimwuliza maana ya picha zake. Kwa kawaida hakuwajibu moja kwa moja. Aliwapa beji yenye picha ya yule mtoto wa miale, bure, akaendelea kuchora. Beji zikawa alama ya kujuana. Watu wasiofahamiana walikutana ndani ya behewa, kila mmoja na beji kifuani, wakaanza mazungumzo. Rafiki yake Tseng Kwong Chi, mpiga picha, alimfuata na kuzipiga picha kazi hizo kabla hazijafunikwa na tangazo jipya. Bila kamera ya Tseng sehemu kubwa ya kazi ile leo isingejulikana kabisa.

Wauza sanaa hawakuchelewa. Nyumba ndogo ya maonyesho iitwayo Fun Gallery ilifunguliwa mtaa wa East Village mwaka 1981 na kuwaonyesha vijana wa treni. Mwaka 1982 Haring akafanya maonyesho makubwa kwa Tony Shafrazi. Na huyu Shafrazi, ndugu msikilizaji, tusimpite haraka. Mwaka 1974 Shafrazi, mzaliwa wa Iran, aliingia jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York akiwa na kopo la rangi nyekundu, akaandika maneno kwa herufi kubwa juu ya picha ya Picasso iitwayo Guernica. Picha haikuharibika kwa kuwa ilikuwa imepakwa vanishi, na rangi ilifutwa. Miaka minane baadaye mtu yule yule ndiye aliyekuwa akiwauzia mamilionea kazi za mtu aliyekamatwa kwa kuchora kwenye karatasi ya tangazo lililokwisha muda wake. Haya ndiyo maisha ya mjini.

Katika maonyesho yale Haring hakusimama peke yake. Alikuwa na Angel Ortiz, kijana mdogo wa mtaa wa Lower East Side, aliyeandika kuta kwa jina la LA II. Haring alipenda mwandiko wake akamtafuta, wakafanya kazi pamoja. Picha nyingi za miaka ile, pamoja na mitungi na sanamu, zina mistari minene ya Haring, na katikati yake pamejazwa nakshi nyembamba za Ortiz. Haring alimtaja na kugawana naye mapato. Baada ya Haring kufariki, kwa miaka mingi jina la Ortiz lilikuwa likiachwa katika maandishi mengi ya maonyesho na vitabu, na yeye mwenyewe amelilalamikia hilo hadharani. Fedha zinapoingia, ndugu zangu, majina hupungua.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo bila hilo kisa hiki kingekuwa cha kufurahisha tu.

Usiku wa manane kuamkia tarehe 15 Septemba 1983, kijana mweusi wa miaka 25, Michael Stewart, alikamatwa na askari wa treni katika kituo cha First Avenue. Walisema wamemkuta akiandika ukutani. Alipofikishwa hospitali ya Bellevue alikuwa amefungwa mikono na miguu na hana fahamu. Hakuzinduka tena. Alifariki tarehe 28 Septemba, baada ya siku 13. Askari 6 walishtakiwa, na mwezi Novemba 1985 baraza la raia waliokaa kuamua kesi ile, wote wazungu, likawaona hawana hatia.

Stewart alikuwa akijulikana katika kumbi na vilabu walivyokwenda Haring na Basquiat. Basquiat alishtuka mno. Aliwaambia rafiki zake kwamba angeweza kuwa yeye. Akaenda katika karakana ya Haring, na pale ukutani, katikati ya majina ya vijana wengine waliopita kuandika, akachora askari wawili wakiinua marungu juu ya kivuli cheusi kisicho na uso. Haring alipohama karakana ile hakuiacha picha. Alikata kipande cha ukuta, akakitia fremu ya dhahabu, akakitundika juu ya kitanda chake, na kilikuwa pale mpaka alipokufa. Mwaka 2019 jumba la Guggenheim la New York lilikifanyia maonyesho maalumu.

Nitasema ninavyoona mimi. Haring alikamatwa, akafungwa pingu, akaandikiwa faini, kisha akarudi nyumbani. Kuna habari za askari waliokuwa wakimfungua pingu na kumwomba saini. Stewart alikamatwa kwa tuhuma ya kosa lile lile, katika reli zile zile, na kurudi nyumbani hakurudi. Mmoja alikuwa mzungu mwembamba mwenye miwani, na mwingine alikuwa kijana mweusi. Haring hakujifanya haelewi. Mwaka 1985 alichora picha kubwa iliyobeba jina la Stewart, yenye mtu mweusi anayenyongwa. Mwaka huo huo alitoa bango la kupinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini: mtu mweusi mkubwa, mwenye kamba shingoni, akimkanyaga mzungu mdogo anayeishika kamba hiyo. Mabango hayo yalichapwa kwa maelfu na kugawiwa katika mikutano ya hadhara ya New York. Wakati ule wapigania uhuru wa ANC walikuwa na shule yao Mazimbu, Morogoro, kwa hiyo Watanzania hawakuhitaji tafsiri ya picha ile. Kwa Wamarekani wengi lilikuwa jambo la mbali, naye akalibandika mbele ya macho yao.

Basi turudi kwenye popu. Kufikia mwaka 1985 Haring alikuwa na tatizo la ajabu. Kila akichora kwa chaki katika kituo, kabla jioni haijaingia karatasi ilikuwa imebanduliwa na kupelekwa kuuzwa. Picha aliyowachorea abiria wote ikawa ya mtu mmoja mwenye wembe mkali. Ndipo akaacha kuchora chini ya ardhi. Wakati huo huo fulana za bandia zenye michoro yake zilikuwa zimeenea nchi nyingi, na picha zake halisi zilikuwa zimepanda bei mpaka mtu wa kawaida asiweze hata kuuliza.

Alichofanya ni kufungua duka. Lilifunguliwa mwezi Aprili 1986, namba 292 mtaa wa Lafayette, likaitwa Pop Shop. Kuta, sakafu na dari vyote alivichora mwenyewe kwa rangi nyeusi juu ya nyeupe, mteja akiingia ni kama ameingia ndani ya picha. Humo aliuza fulana, mabango, beji na sumaku. Mtoto wa shule aliweza kutoka na kitu chake. Warhol, ambaye walikuwa wamefahamiana tangu mwaka 1983, alimuunga mkono. Haring alimheshimu mzee yule kiasi cha kumchora akiwa na masikio na mwili wa Mickey Mouse, na katika picha mojawapo akamweka katikati ya noti ya dola. Ni heshima yenye utani ndani yake, kama ya mjukuu kwa babu.

Kelele zilizopigwa unaweza kuzikisia. Wakosoaji walisema kijana amejiuza. Wauza sanaa walinung'unika kwamba nani atanunua picha ya maelfu ya dola ikiwa mchoro ule ule unapatikana kwenye fulana. Hata baadhi ya wale waliompenda enzi za chaki waliona amewakimbia. Naye alizidi kuwapa sababu, maana mwaka huo huo wa 1986 alichora saa za Swatch na tangazo la pombe ya Absolut. Yule aliyekimbia chuo cha matangazo akawa amerudi kwenye matangazo kwa mlango wa nyuma.

Mimi siungani na hao wanaosema amejiuza, walau si kwa habari ya duka. Tazameni njia aliyopita. Chini ya ardhi alipachukua mahali pa tangazo akapajaza picha isiyouza kitu, kila abiria akaipata bure kwa nauli aliyokwisha lipa. Njia hiyo ilipozibwa na wabanduaji, alitafuta nyingine ya kumfikia abiria yule yule. Tena alikuwa na mtangulizi. Mwezi Desemba 1961 Claes Oldenburg, mmoja wa wakubwa wa popu, alikodi chumba mtaa wa East 2nd na kukigeuza duka la vitu alivyovifinyanga kwa plasta. Lakini bidhaa za Oldenburg zilikuwa za kutazamwa. Za Haring zilivaliwa, zikafuliwa, zikachakaa. Yeyote anayejua kanga ilivyo na jinsi maneno yake yanavyotembea mjini mgongoni mwa mvaaji hatapata shida kuelewa kwamba nguo yaweza kubeba neno kuliko ukuta.

Mahali ninapomtilia shaka ni Tokyo. Mwaka 1988 alifungua duka la pili huko, ndani ya makontena ya mizigo, nalo halikumaliza mwaka. Bidhaa za bandia zilikuwa zimejaa Japani na kumharibia soko. Mtu aliyesema siku zote kwamba sanaa ni ya kila mtu alijikuta akipambana na watu waliomchukulia maneno yake kama yalivyo.

Na kuta hakuziacha. Mwezi Juni 1986, bila kumwomba mtu ruhusa, alipaka rangi ukuta wa uwanja wa mpira wa mikono huko Harlem, pembeni ya barabara kuu, kuonya juu ya dawa ya kulevya ya kreki iliyokuwa ikimmaliza kijana mmoja msaidizi wake. Alikamatwa, akatozwa faini, na ukuta ukafutwa. Kisha idara ya bustani za jiji ikamwita auchore upya, na mwezi Oktoba akauchora. Mchoro upo mpaka leo na unatunzwa na jiji lile lile lililomshtaki. Mwezi huo huo wa Oktoba alikwenda Berlin, akachora juu ya Ukuta wa Berlin mnyororo wa watu walioshikana mikono na miguu, kwa rangi nyeusi, nyekundu na njano, zile ambazo bendera za Ujerumani zote mbili zilikuwa nazo. Haukupita muda watu wakapaka juu yake. Ukuta wenyewe ulifunguliwa tarehe 9 Novemba 1989.

Wakati huo Haring alikuwa anajua kwamba siku zake si nyingi. Aligunduliwa kuwa na Ukimwi mwaka 1988. Alikuwa na wapenzi wanaume na hakuwahi kulificha hilo. Na mwaka 1989, katika mahojiano na jarida la Rolling Stone, hakuuficha ugonjwa pia. Kumbukeni ilikuwa miaka gani. Kwetu wagonjwa wa kwanza walikuwa wamegunduliwa Kagera mwaka 1983, na bado watu wengi walizikwa bila ugonjwa wao kutajwa kwa jina. Marekani, yenye madaktari wote wale, hali ya kunyamaza haikuwa tofauti sana. Mwezi Februari 1989 alichora kwa rangi nyekundu ukuta mbovu katika mtaa wa Raval, Barcelona, mahali palipozagaa sindano za dawa za kulevya, akiwahimiza watu kuuzuia Ukimwi kwa pamoja. Mwaka huo huo alitoa bango lenye watu watatu: mmoja amefunika macho, mmoja masikio, mmoja mdomo. Akaanzisha pia mfuko wenye jina lake wa kusaidia watoto na mashirika yanayoshughulikia Ukimwi.

Mwezi Juni 1989 alikuwa Pisa, Italia. Mwanafunzi mmoja wa huko alikuwa amemkuta New York na kumwalika. Alipewa ukuta wa nyuma wa kanisa la Sant'Antonio, eneo la mita za mraba zipatazo 180, akalijaza watu 30 wanaocheza na kukumbatiana, kwa rangi za upole kuliko kawaida yake. Wakazi walikuja kutazama na kukaa mpaka jua likazama. Ukuta huo aliukusudia udumu, naye hakuwa na mazoea ya kukusudia hivyo. Miezi minane baadaye akafa. Warhol alikuwa amefariki Februari 1987, na Basquiat Agosti 1988, akiwa na miaka 27, kwa heroini.

Tarehe 12 Mei 1989, mwezi mmoja kabla ya Pisa, wakuu wa usafiri wa New York walitangaza kwamba behewa la mwisho lenye maandishi limeondolewa reli. Kazi ya kusafisha ilichukua miaka mitano. Kwa hiyo majina ya vijana yalifutwa treni nzima katika miaka ile ile ambayo picha zilizotokana na majina hayo zilikuwa zikipanda bei katika nyumba za mnada. Mwaka 2017 picha moja ya Basquiat ya mwaka 1982 iliuzwa kwa dola milioni 110.5.

Na kuta nazo ziliuzwa. Miaka ya mwanzo ya 1980 Haring aliwachorea vijana wa kituo kimoja cha Kikatoliki cha Manhattan watu 13 wanaocheza kandokando ya ngazi, ghorofa tatu, bure. Kanisa lilipofikia kuliachia jengo lile, ukuta ulikatwa vipandevipande na mwaka 2019 ukauzwa kwa zaidi ya dola milioni 3.8. Ile michoro ya chaki iliyobanduliwa vituoni haikupata cheti cha uhalali kirahisi kwa miaka mingi, kwa kuwa Haring hakuitoa ili iuzwe. Hata hivyo mwezi Novemba 2024 michoro 31 ya namna hiyo ilipigwa mnada New York, na jumla ikapita dola milioni 9.

Duka la mtaa wa Lafayette lilifungwa mwaka 2005. Dari yake, iliyochorwa na Haring mwenyewe, ilibanduliwa na kupelekwa katika jumba la makumbusho ya historia la New York, ikapachikwa juu ya meza ambapo wageni hulipa kiingilio.